Unanunua chipu au unanunua msimu?

*Hisa za kampuni za memori ya kompyuta zimewagawa wawekezaji wa London. Wapo wanaoamini akili mnemba imeigeuza biashara hiyo moja kwa moja. Wapo wanaokumbuka Inmos.*

LONDON. Hatua chache kutoka Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, katika uwanja wa Paternoster, mchungaji aliyetengenezwa kwa shaba nyeusi anawaswaga kondoo wake karibu na mlango wa Soko la Hisa la London. Sanamu hiyo, kazi ya Elisabeth Frink, iliwekwa hapo mwaka 1975. Soko la Hisa lilihamia jirani yake mwaka 2004.

Saa mbili kamili asubuhi soko linafunguliwa. Hakuna kelele wala msongamano. Tangu mageuzi makubwa ya Oktoba 1986, madalali waliuacha ukumbi wa kupigiana kelele na kuhamia kwenye skrini. Katika orodha ndefu ya herufi zinazopita kwenye skrini hizo, zipo nne zenye uzito wake: SMSN.

Hizo ni hati za Samsung Electronics ya Korea Kusini. Kila hati moja ya London inasimama badala ya hisa 25 za kawaida za Seoul, na bei yake hutajwa kwa dola za Marekani.

Muda huo Seoul wameshafunga duka. New York hawajaamka. Kengele yao hulia saa nane na nusu mchana kwa saa za London. Kwa saa sita na nusu hivi, London inabaki kuwa moja ya sehemu chache duniani ambako mtu anaweza kununua au kuuza kipande cha mtengenezaji mkubwa wa memori, huku wenzake wa Asia wakila chakula cha jioni.

Wahenga walisema biashara asubuhi, jioni mahesabu. Katika biashara ya memori, asubuhi na jioni zinaweza kutenganishwa na miaka mitatu, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Chipu moja, hasira nyingi

Memori ni sehemu ya kompyuta inayoshika kazi iliyo mkononi. Ile inayotumika zaidi inaitwa DRAM, na mvumbuzi wake ni Robert Dennard wa IBM, aliyepewa hataza yake mwaka 1968. Kila chembe ya taarifa inakaa katika transista moja na kapasita moja. Kapasita hiyo ni kama ndoo inayovuja: lazima ijazwe upya kila baada ya sehemu ndogo ya sekunde, la sivyo inasahau.

Kwa nusu karne uzuri wa DRAM umekuwa pia balaa lake. Chipu ya kampuni moja hufanya kazi ileile ya chipu ya kampuni nyingine. Mteja haulizi jina, anauliza bei.

Kisha ikaja memori ya aina ya HBM, iliyowekewa kanuni rasmi za kiufundi mwaka 2013. Badala ya kuzitandaza chipu za DRAM ubavu kwa ubavu, mafundi wanazipanga moja juu ya nyingine kama sahani kabatini, kisha wanatoboa matundu membamba kupitia safu zote na kuyajaza nyaya. Safu hiyo inaketi kando kabisa ya kichakataji.

Faida yake ni upana wa njia. Kipande cha kawaida cha memori ya kompyuta ya mezani kina njia 64 za kupitisha taarifa. Safu ya HBM ina njia 1,024, na kizazi cha nne kilichopitishwa mwaka 2025 kina 2,048. Kwa mitambo ya akili mnemba, ambayo kazi yake kubwa ni kuchota mabilioni ya namba na kuzirudisha, hiyo ndiyo tofauti ya kichochoro na barabara kuu.

Kampuni tatu ndizo zinazobeba biashara hii: Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, na Micron ya Marekani. Kwa miaka mingi tatu hizo zimeshika zaidi ya asilimia 90 ya mauzo ya DRAM duniani. Samsung ilikuwa mbele kwa zaidi ya miongo mitatu, hadi robo ya kwanza ya mwaka 2025, ambapo watafiti wa Counterpoint walisema SK Hynix imeipita. Siri ya SK Hynix ilikuwa HBM.

> Mwaka 2023 SK Hynix ilipata hasara ya uendeshaji ya won trilioni 7.73. Mwaka uliofuata ikapata faida ya uendeshaji ya won trilioni 23.47.

"Safari hii ni tofauti"

Namba hizo mbili ndizo silaha za pande zote mbili za mjadala. Wenye matumaini wanaitazama ya pili.

Hoja yao inaanzia kwa mteja. Zamani, wanasema, memori ilinunuliwa kama mchele: leo hapa, kesho kule. HBM hununuliwa kwa mikataba, bei na kiasi vikikubaliwa mapema, kwa sababu lazima ijaribiwe na kukubaliwa na mtengenezaji wa kichakataji kabla ya kuuzwa. Ukishindwa mtihani wa Nvidia, mtengenezaji mkubwa wa vichakataji vya akili mnemba, chipu zako hazina pa kwenda.

Samsung iliujua uchungu huo. Oktoba 2024 mkuu wa kitengo chake cha chipu, Jun Young-hyun, alitoa taarifa ya kuomba radhi hadharani kwa matokeo yasiyoridhisha. Si jambo la kila siku kwa kampuni ya ukubwa ule.

Hoja ya pili ni ya kiwandani. Micron imewahi kueleza kwamba kutengeneza HBM hula takriban mara tatu ya sahani za silikoni zinazohitajika kwa kiasi hichohicho cha memori ya kawaida ya DDR5. Kwa maneno mengine, kila kiwanda kinapogeukia akili mnemba, memori ya kompyuta za mezani na simu inapungua sokoni na bei yake inapanda. Kampuni inapata faida mlangoni na dirishani.

Desemba 2025 Micron ilitangaza kuachana na Crucial, jina ambalo wauzaji wa vipuri vya kompyuta wamelizoea kwa miaka mingi, ili nguvu zake ziende kwa wateja wakubwa wa vituo vya data. Kwa wenye matumaini, huo ni ushahidi: muuzaji anayemwacha mteja wa rejareja ana foleni ndefu kwingine.

"Hata kahawa ilikuwa hivyo"

Upande wa pili unaitazama namba ya kwanza, ile hasara ya won trilioni 7.73, na kukumbusha kwamba kati yake na faida kubwa ilipita miezi kumi na miwili tu. Kilichopanda kwa mwaka mmoja kinaweza kushuka kwa mwaka mmoja.

Msomaji wa Kilimanjaro, Bukoba au Masaka hahitaji shahada ya uchumi kuwaelewa. Bei ya kahawa ikipanda, kila mwenye shamba anapanda miche. Mche unahitaji kama miaka mitatu kuanza kuzaa vizuri. Siku miche yote inapozaa kwa pamoja, bei inaanguka, na aliyepanda wa mwisho ndiye anayelia wa kwanza.

Kiwanda cha memori kina tabia ya mche. Kukijenga na kukifikisha kwenye uzalishaji kamili huchukua miaka miwili mitatu na mabilioni ya dola. Uamuzi wa kukijenga hufanywa bei ikiwa juu, na chipu zake za kwanza hutoka bei ikiwa popote itakapokuwa.

London inaijua hadithi hiyo vizuri, kwa maana makao ya Shirika la Kimataifa la Kahawa yako hapahapa. Julai 1989 nchi wanachama zilishindwa kukubaliana kuendelea na mgao wa mauzo, na bei ikaporomoka. Memori haikuwahi hata kuwa na mgao wa namna hiyo wa kuporomoka. Ina washindani watatu wanaotazamana, na wa nne, CXMT ya China, anayejenga kwa kasi.

Orodha ya waliozama ni ndefu. Intel, iliyojijengea jina kwa DRAM, iliachana nayo mwaka 1985. Qimonda ya Ujerumani iliomba ulinzi wa kufilisika Januari 2009. Elpida ya Japani ikafuata Februari 2012, na Micron ikainunua mwaka uliofuata. Hakuna hata moja iliyozama kwa sababu dunia iliacha kuhitaji memori.

> Dunia haikuwahi kuacha kuhitaji memori. Iliacha kuilipia bei ya jana.

Teknolojia nzuri, kaburi zuri

Kuna kundi la tatu, dogo zaidi, ambalo halijali mzunguko wa bei. Linatafuta teknolojia mpya itakayozifukuza zote zilizopo. Historia haijawa na huruma nalo.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Intel iliichagua memori ya kampuni ya Rambus iwe mrithi wa iliyokuwepo. Ilikuwa na kasi kubwa, na hisa za Rambus zikapaa hadi mwaka 2000. Lakini ilikuwa ghali, na kila mtengenezaji alipaswa kulipa mrabaha. Watengenezaji wakaipendelea DDR, ambayo kanuni zake waliziandika pamoja. Intel yenyewe ikageuka. Vipande vya Rambus vilivyobaki vinakumbukwa zaidi ndani ya PlayStation 2.

Julai 2015 Intel na Micron walikuja na 3D XPoint, iliyouzwa kwa jina la Optane, wakisema ina kasi mara 1,000 ya memori ya flashi. Ilikusudiwa kukaa kati ya DRAM na diski. Micron ilijitoa mwaka 2021. Mwaka 2022 Intel ilifunga biashara hiyo na kufuta vitabuni mali ya ghalani yenye thamani ya dola milioni 559.

Chipu zilifanya kazi. Soko ndilo lililokataa.

Kumbukumbu chungu ya Inmos

Kwa London, somo kubwa kuliko yote halikutoka ng'ambo. Lilianzia Whitehall, kwenye ofisi za serikali.

Mwaka 1978 serikali ya James Callaghan, kupitia Bodi ya Taifa ya Uwekezaji, iliahidi pauni milioni 50 kuanzisha kampuni ya chipu iitwayo Inmos. Waasisi walikuwa Mwingereza Iann Barron na Wamarekani Richard Petritz na Paul Schroeder. Mpango ulikuwa kutengeneza memori ili kupata fedha za haraka, kisha kujenga kichakataji cha aina mpya.

Mei 1979 Margaret Thatcher akaingia madarakani, na mjadala ukawaka. Je, ni kazi ya serikali kununua hisa katika biashara ya memori? Nusu ya pili ya fedha, pauni milioni 25, ilicheleweshwa hadi mwaka 1980 ilipotolewa. Kiwanda kikajengwa Newport, kusini mwa Wales, kwa mchoro wa Richard Rogers.

Inmos haikuwa kampuni ya ubabaishaji. Memori yake ya SRAM ya kilobiti 16, iliyo na kasi kuliko DRAM, ilipata wateja. Mwaka 1984 serikali iliuza asilimia 76 ya hisa za Inmos kwa Thorn EMI kwa pauni milioni 95. Serikali ilitoka, na London ikapumua.

Mnunuzi hakupumua muda mrefu. Thorn EMI ilikuwa kampuni ya taa, televisheni na muziki. Studio za Abbey Road zilikuwa zake. Ilinunua bei ikiwa kileleni. Mwaka 1985 chipu nyingi za Japani zilijaa sokoni na bei ya memori ikaanguka dunia nzima. Hasara za Inmos zikaingia kwenye vitabu vya kampuni mama, na mwenyekiti aliyefanya ununuzi huo, Peter Laister, akaondoka mwaka huohuo. Mwaka 1989 Inmos ikauzwa kwa SGS-Thomson.

Serikali na Thorn EMI walishika hisa za kampuni ileile, yenye chipu zilezile. Aliyeuza mwaka 1984 na aliyenunua mwaka 1984 walitenganishwa na msimu tu.

> Aliyeuza Inmos na aliyeinunua walikuwa na chipu ileile mkononi. Walitofautiana msimu.

Mjukuu wa Bristol

Kichakataji kilichotoka Inmos, transputa, kilikuwa na wazo moja kubwa: memori ikae ndani ya chipu yenyewe. Transputa ya T414 ya mwaka 1985 ilikuwa na kilobaiti 2 za SRAM ndani yake.

Miaka 31 baadaye wazo hilo lilizuka upya mjini Bristol. Mwaka 2016 Nigel Toon na Simon Knowles, ambaye aliwahi kufanya kazi Inmos, walianzisha Graphcore. Chipu yao ya akili mnemba ya mwaka 2020 ilibeba megabaiti 900 za SRAM ndani kwa ndani, huku ikiikwepa HBM kwa makusudi. HBM ni ghali, walihoji, na taarifa inayokaa jirani na kichakataji haihitaji safari ndefu.

Kwa kasi walikuwa sahihi. Memori yao ya ndani ilipitisha terabaiti 47.5 kwa sekunde. A100 ya Nvidia, iliyotoka mwaka huohuo na HBM ya gigabaiti 40, ilipitisha takriban 1.6. Graphcore walikuwa mbele kama mara 30 kwa kasi, na nyuma kama mara 44 kwa ukubwa wa ghala.

Desemba 2020 wawekezaji waliithamini Graphcore kwa dola bilioni 2.77. Kisha programu kubwa za lugha zikavimba, zikataka ghala kubwa kuliko zilivyotaka kasi, na watengenezaji wa programu walikuwa wameshazoea zana za Nvidia. Mwaka 2022 mapato ya Graphcore yalikuwa dola milioni 2.7 na hasara dola milioni 204.6. Julai 2024 SoftBank ya Japani iliinunua kwa bei ambayo haikutangazwa rasmi.

Lakini mjadala haujazikwa. Desemba 2025 Groq ya California, ambayo nayo iliweka dau lake kwenye SRAM ya ndani ya chipu, ilitangaza kwamba imeipa Nvidia leseni ya teknolojia yake. Mfalme wa HBM alikuja kubisha hodi kwa jirani aliyekuwa akifuata njia ya Bristol. Wazo linaweza kuwa sahihi, na aliyelitangulia akawa ameshauza nyumba.

Kinachokuhusu wewe

Msomaji anaweza kuuliza: haya ya Paternoster yananihusu nini, mimi nisiye na hisa hata moja?

Kama unafanya kazi Uingereza, huenda unazo bila kujua. Tangu mwaka 2012 waajiri huandikisha wafanyakazi kwenye akiba ya uzeeni bila kusubiri waombe. Kiwango cha chini ni asilimia 8 ya mshahara unaohesabiwa, mwajiri akitoa angalau asilimia 3. Muuguzi wa hospitali binafsi kutoka Mombasa au dereva wa basi kutoka Dar es Salaam anayefanya kazi London anachangia mfuko ambao mara nyingi hununua hisa za dunia nzima kwa kufuata faharasa.

Hapo kuna jambo ambalo wengi hawalijui. FTSE Russell, iliyo chini ya kundi la Soko la Hisa la London, iliiweka Korea Kusini katika nchi zilizoendelea tangu mwaka 2009. Mshindani wake, MSCI, ameiacha kwenye masoko yanayoibukia. Mfuko unaofuata nchi zilizoendelea kwa orodha ya kwanza unazo Samsung na SK Hynix. Unaofuata kundi hilohilo kwa orodha ya pili hauna. Waziri wala mwekezaji hakuamua; jedwali liliamua.

Kama uko Kariakoo, barabara ya Luthuli jijini Nairobi, au katikati ya Kampala, unakutana na mjadala huu dukani. Simu ya bei nafuu inahitaji memori kama simu ya bei mbaya, na faida ya mtengenezaji wake ni nyembamba. Sahani za silikoni zikikimbilia vituo vya data, mtengenezaji wa simu ya mnyonge ana njia mbili: kupandisha bei, au kupunguza memori na kukuuzia simu inayochoka mapema.

Ndiyo maana msimu ambao mwekezaji wa London anauita wa neema, kwa kijana anayekusanya fedha za simu yake ya kwanza ni kiangazi.

Maswali matatu kabla ya kununua

Makala haya hayampi mtu ushauri wa kununua wala kuuza. Lakini miaka hiyo ya ushindi na vilio inaacha maswali matatu ambayo mwekezaji mwenye busara angeyauliza kabla ya kutazama kasi ya chipu.

La kwanza: nani mwingine amekubali kuitumia? Rambus na Optane zilikuwa na uwezo, zikakosa marafiki. HBM ilishinda kwa sababu kanuni zake ni za wote na kampuni tatu zinaweza kuitengeneza.

La pili: nani mwingine anajenga kiwanda? Taarifa za ujenzi wa leo ndizo bei ya miaka mitatu ijayo. Ukisikia kila mtu anapanda miche, hesabu mavuno.

La tatu: faida hii imeshalipiwa? Hisa hununuliwa kwa matumaini. Januari 27, 2025, habari za programu ya DeepSeek ya China zilitosha kuifutia Nvidia thamani ya zaidi ya dola bilioni 500 kwa siku moja, ilhali hakuna kiwanda kilichoungua.

Wenye matumaini wana hoja nzito kuliko wenzao wa mwaka 1984, kwa kuwa mikataba ni mirefu na washindani ni wachache. Hata hivyo hoja nzito haifuti tabia ya mche. Anayenunua memori ananunua msimu, na kazi yake ya kwanza ni kujua umefika mwezi gani.

Kile kiwanda cha Newport bado kipo. Kimepita mikono mingi tangu Inmos. Novemba 2022 mawaziri wa London waliiamuru Nexperia, inayomilikiwa na Wachina, kuuza angalau asilimia 86 ya hisa zake humo kwa sababu za usalama wa taifa. Machi 2024 Vishay ya Marekani ilikamilisha kukinunua kwa dola milioni 177. Kinaendelea kutengeneza chipu. Memori hakitengenezi tena.